Platini Nyekundu

Mtaani walimwita Platini, na jina hilo alibandikwa na mdomo wa mama yake mwenyewe. Mama alikuwa dobi, mwenye kamba za nguo zilizovuka ua kutoka ukuta hadi ukuta, na aliyeleta mashuka yake kufuliwa hakuachiwa kuondoka kabla ya kuambiwa kwamba mama huyu anayemwona na mapovu hadi kwenye viwiko ana binti chuo kikuu, na binti huyo anatengeneza platini. Katika jambo hilo Mama hakuwa na simile. Mtu akipita kuuliza njia alielekezwa njia, kisha akaongezewa habari za binti bila kuuliza. Fundi cherehani wa nyumba ya pili, ambaye kwake neno platini lilimaanisha vito tu, alishaagiza hereni za mkewe, na kila binti alipopita dirishani kwake alikumbushwa kimyakimya, kwa kidole kilichogusa ndewe ya sikio.

Platini alishachoka kueleza. Kwanza, platini hakuitengeneza yeye. Ilikuja chuoni kidogo sana, ikiwa chumvi nyekundu ndani ya kichupa, na kichupa kilifungiwa kabatini kama mahari ya mtu. Kazi yake yeye ilikuwa kuichukua atomi ya platini kutoka kwenye chumvi ile na kuiketisha katikati ya molekuli nyingine, bapa, yenye mikono mitatu ya kuishikilia, na nafasi ya nne kuiachia kloridi iliyokuja na chumvi ile. Alichemsha polepole, akapoza, akachuja, akaosha, akakausha, na kilichobaki kwenye karatasi ya kuchujia kilikuwa unga wa njano, laini, ambao ukiuweka chini ya taa ya zambarau hung'aa kijani. Watu wengi duniani wanaweza kutengeneza unga wa namna hiyo. Si jambo la kumfanya mtu atembee kifua mbele.

Lakini unga wake yeye haukukaa njano siku zote. Kuna siku aliuweka kwenye kichupa, akafunga kizibo, akaenda zake kula, na aliporudi akaukuta mwekundu kama pilipili iliyoiva. Chini ya ile taa haukung'aa kijani tena. Uliwaka kama kaa la moto. Alipougandamiza kuwa kidonge na kuupitishia umeme, mshale wa mita ulisogea, kidogo lakini ulisogea, wakati unga wa njano ulikuwa umegoma kabisa. Na sababu ya wekundu wenyewe aliijua vizuri. Molekuli zile bapa hupangana kama sahani kabatini. Sahani zikiachana, kila platini hubaki na elektroni zake. Zikikaribiana, platini ya huku huigusa platini ya juu yake, elektroni hazijui tena ni za nani, mwanga mdogo tu unatosha kuzirusha, na kitu kilichokuwa njano kinageuka chekundu. Hayo yote aliyapima akaridhika nayo. Kilichomshinda ni kujua kwa nini sahani zikaribiane Jumanne na kuachana Alhamisi.

Wenzake maabara waliufanya mchezo. Asubuhi walimuuliza platini yake imeamkaje. Yeye akacheka nao, lakini moyoni alijua ana kitu mkononi ambacho hakuna mwingine aliyewahi kukishika: kampaundi mbili kutoka chungu kimoja, ya njano na nyekundu, na hiyo nyekundu ni yake. Aliiandikia sura nzima katika tasnifu. Na kila ilipotoka nyekundu alikimbilia kwenye korido, akampigia Mama simu, na kabla jua halijasogea mtaa mzima ukawa na habari. Kama ni kiburi, basi walikuwa nacho wote wawili, na sijaona mtu wa kuwalaumu. Mwanamke aliyefua nguo za watu mpaka kucha zikalainika ana haki ya kujipiga kifua kidogo.

Kisha Profesa, msimamizi wake, akapeleka kichupa chekundu kwenye maabara rafiki ya ng'ambo, yenye mashine kubwa za kupigia picha mpangilio wa atomi. Platini alikifunga mwenyewe kwa pamba na karatasi, kama anayemfunga mtoto mchanga. Jibu lilipokuja lilikuwa la adabu sana, na adabu hiyo ndiyo iliyouma. Walishukuru. Walisema wamepokea unga wa njano. Walisema wamejaribu pia kuutengeneza wao wenyewe, wakifuata maelezo yake hatua kwa hatua, na kila mara wamepata njano. Mwisho wakagusia kwamba katika vipimo vyake vya ule wekundu kaboni imezidi kidogo kuliko inavyotakiwa, na kwamba kwa uzoefu wao kaboni iliyozidi huwa ni uchafu.

Profesa alimwita ofisini, akafunga mlango. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyewahi kuona wanafunzi wakianguka mbele ya jopo na hakutaka kuona tena. Alimshauri aitoe sura ile. Njano ilikuwa safi, ilikuwa na kila kipimo, ingempitisha. Mtahini wa nje aliyeteuliwa alijulikana kwamba hana mchezo, na mtu akisimama mbele yake na kitu asichoweza kukitengeneza kwa kutaka, atarudishwa kuanza upya, na ile nafasi ya kufundisha idarani iliyokuwa ikimsubiri itampata mwingine. Akampa mpaka mwisho wa mwezi: ama awe na njia ya kuileta nyekundu akitaka, ama aifute.

Jumamosi alikwenda nyumbani. Mama alikuwa ameinama kwenye beseni, anasugua kola za mashati, na kabla binti hajakaa alishaanza kumsimulia jinsi alivyomnyamazisha mteja mmoja aliyejisifia mwanawe wa benki. Platini alimwacha amalize.

"Mama," alisema, "naomba usiwaambie watu tena habari za nyekundu."

Mikono ya Mama ikasimama ndani ya maji. "Kwani si kweli?"

"Sijui."

"Haya," Mama akasema, akarudi kwenye kola. Hakuuliza zaidi, wala hakulalamika. Lakini tangu siku ile alinyamaza. Mashuka yaliletwa, yakachukuliwa, bila hadithi. Fundi cherehani alipogusa sikio lake, Mama aligeukia upande wa kamba, akawa anapanga vibanio vya nguo ambavyo vilikuwa vimeshapangika. Watu wakaanza kuulizana kama kuna ugomvi nyumba ile. Platini aliyaona hayo yote, na yalimuuma kuliko barua ya ng'ambo. Alikuwa amezoea kuona aibu mama yake anapomsifia. Hakujua kwamba kunyamaza kwake kutamuumiza zaidi.

Basi akaingia maabara kama mtu anayedaiwa roho. Alichemsha haraka, akachemsha polepole. Alitumia chumvi ya zamani, akatumia chumvi mpya. Alikausha juani, alikausha gizani, alibadilisha karatasi za kuchujia, alibadilisha mpaka kijiko. Unga ukatoka njano, ukatoka njano tena, ukatoka njano mpaka akauchukia. Wenzake waliacha kumuuliza platini imeamkaje. Profesa akipita mlangoni alichungulia na kuendelea na safari yake.

Siku moja, mchana, akiwa ameshaanza kukata tamaa, aligeuza kichwa na kukuta kichupa cha mwisho kwenye safu kimekuwa chekundu. Kwa alivyojua, hakufanya chochote tofauti. Ule ule unga, chungu kile kile. Miguu ikampeleka kwenye korido kabla akili haijaamua, na kidole kikabonyeza namba ya Mama kwa mazoea.

Mama alipokea. Alisikiliza. Alisema amefurahi, ila kama walivyokubaliana hatamwambia mtu. Sauti yake ilikuwa ndogo. Halafu, labda kwa kutaka kuondoa uzito ule, akacheka kidogo.

"Lakini na wewe una balaa, mwanangu. Kila ukinipigia na furaha zako, mimi huku maji yamekatika. Leo tena. Nina mashuka ya watu hapa na bomba linakohoa tu."

Platini akacheka naye, akampa pole, akakata simu. Akarudi maabara, akakusanya vyombo vichafu, akajaribu tena bomba la kuoshea, ambalo tangu asubuhi halikuwa na maji. Bomba likakohoa. Likatema matone mawili ya kutu, likanyamaza. Mkono wake, kwa mazoea ya miaka, ukaenda kwenye chupa ya asetoni iliyokuwa pembeni ya sinki.

Hapo mkono ukaganda.

Huo ndio ulikuwa utaratibu wao, wa kila mtu, tangu kabla yeye hajafika. Siku yenye maji vyombo vilioshwa kwa sabuni, vikasuuzwa, vikalala kwenye oveni ya moto mpaka asubuhi. Siku ya mgao wa maji, mji mzima ukiwa mkavu, hakuna aliyesubiri. Kila kitu kilisuuzwa kwa asetoni, ambayo hukauka kabla hujageuka, na kichupa kikawekwa unga na kufungwa papo hapo. Hakuna aliyewahi kuliandika jambo hilo, kama ambavyo hakuna anayeandika kwamba amevuta pumzi. Yeye mwenyewe katika maelezo aliyopeleka ng'ambo aliandika vyombo visafi, basi. Na kule ng'ambo bomba halikohoi.

Alivuta stuli akakaa. Aliiona picha yote. Asetoni hukauka machoni, lakini harufu yake hubaki kwenye kizibo cha mpira. Unga ukifungiwa humo huinywa harufu ile. Molekuli ndogo za asetoni hujipenyeza kati ya safu za sahani, zinazibana sahani pamoja, platini inaikaribia platini, na rangi inageuka. Kichupa kikisafiri siku nyingi na kikafunguliwa mahali pakavu, harufu hutoka, sahani huachana, na mpokeaji huona njano na kuandika barua ya adabu. Na ile kaboni iliyozidi haikuwa uchafu. Ilikuwa asetoni yenyewe, imekaa ndani kama mgeni asiyeaga.

Na jambo jingine aliliona, nalo lilimchoma. Hakukuwa na kampaundi mbili. Ilikuwa moja. Ile nyekundu aliyojisifia kuwa ni mpya, aliyoiandikia sura nzima, ilikuwa ile ile ya njano iliyonusa kitu. Maabara rafiki walisema kweli, na yeye alikuwa amekosea. Alikaa na uchungu huo kidogo, kwa sababu alikuwa mtu mwenye kiburi na kiburi hakishuki bila kukwaruza koo. Kisha akainuka, akamwaga unga wa njano kwenye kisahani cha kioo, akaweka pembeni yake pamba yenye tone la asetoni, akavifunika kwa bilauri. Wekundu ulianza ukingoni, upande wa pamba, ukatembea kuelekea katikati mpaka ukaumaliza unga wote. Akaondoa bilauri, akaingiza kisahani kwenye oveni. Njano. Akarudia kwa pamba. Nyekundu. Akajaribu pombe kali ya maabara badala ya asetoni, na unga haukujali. Akarudi kwenye asetoni, ukaitikia mara moja, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Alikuwa amekosa kampaundi mpya na kupata kitu kikubwa kuliko hicho: unga unaonusa, unaotangaza kwa rangi kile ulichokinusa, na mpaka umeme wake unabadilika. Alicheka peke yake pale mpaka machozi yakamtoka. Mkono ulikwenda mfukoni kutafuta simu, akaurudisha. Hakutaka tena kumpa Mama habari ambayo kesho ataiomba irudi.

Profesa alipooneshwa aliinama juu ya bilauri, akaomba afanye mwenyewe, akafanya, akaomba tena. Alipomaliza mara ya tatu alikuwa amesahau kwamba ana kikao. Alisema sura ile isifutwe. Iandikwe upya, iwe ndiyo moyo wa tasnifu. Kisha akasimama mlangoni na kusema, bila kumtazama, kwamba alikuwa amekaribia kumpotezea kitu. Platini alimjibu kwamba kama asingembana asingelitafuta. Yote mawili yalikuwa kweli.

Siku ya kutetea tasnifu Mama alikuja na gauni lake la heshima, akakaa safu ya nyuma na mkoba magotini. Fundi cherehani alikuwa kando yake, amejialika, suti yake imenyooka kuliko za maprofesa. Mama hakuzungumza na mtu. Waliomsalimia aliwaitikia na kurudisha macho kwenye mkoba. Alikuwa ameambiwa tu aje. Hakuambiwa kama ile nyekundu imepona.

Mtahini wa nje alikuwa mama mwembamba, miwani imening'inia shingoni kwa kamba, na maswali yake yalikuwa kama yalivyosifiwa. Alimtoa Platini kijasho kwenye njano, akamtoa kwenye vipimo vya umeme, kisha akafungua ukurasa aliokuwa ameukunja pembe.

"Maabara nyingine walifuata maelezo yako wakapata njano," alisema. "Wewe unasema nyekundu. Nani kakosea?"

 Nyuma kule, Mama alikaza mkono kwenye mkoba. Hakuelewa mengi ya siku ile, lakini swali hilo alilielewa lote.

"Nilikosea mimi, niliposema ni kampaundi mbili," Platini alijibu. "Ni moja. Naomba uishike mwenyewe."

Akampa kichupa cha unga wa njano, na kizibo chenye pamba iliyoloweshwa asetoni. Mtahini akavaa miwani, akafunga kizibo, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Mwanzo hapakuwa na kitu. Halafu wekundu ukashuka kutoka juu, taratibu, mbele ya macho yake, ndani ya mkono wake mwenyewe. Alikigeuza. Akakitazama kwa pembeni. Wajumbe wengine wa jopo waliinuka vitini kuja kuona, na kwa muda hakuna aliyekumbuka kwamba kuna mtihani.

Mtahini akauliza aligunduaje. Platini angeweza kusema majaribio, na ingekuwa kweli, na ingesikika vizuri. Lakini aliangalia safu ya nyuma.

"Mama yangu ni dobi," alisema. "Kila ilipotoka nyekundu nilimpigia simu, na kila mara aliniambia maji yamekatika. Nilidhani analalamika. Kumbe alikuwa ananipa matokeo."

Watu wakacheka, kicheko kizuri, wakageuka kumtafuta. Mama alikuwa ameinamisha uso, na fundi cherehani alikuwa anamnyooshea kidole ukumbi mzima, ili asitokee mtu wa kukosea ni nani. Platini akaeleza habari ya vyombo na bomba, na mtahini akaandika kwa muda mrefu. Walipotolewa nje na kuitwa tena, alipewa mkono na kuitwa daktari, na mtahini akasema kwamba tasnifu ibaki kama ilivyo lakini sura ya nyekundu ichapishwe upesi, kabla mwingine hajakatikiwa maji.

Kwenye korido walikuwa watu wengi na pongezi nyingi. Mama alingoja mpaka zikapungua. Kisha akamsogelea binti yake, akamshika mkono kwa viganja vile vikavu vya sabuni, akamvuta kando kidogo, karibu na ukuta.

"Nimeelewa nusu," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini ni kweli, sivyo?"

"Ni kweli, Mama."

"Sasa naruhusiwa kusema?"

 Platini hakuwa amejua kwamba muda wote ule mama yake alikuwa anaisubiri ruhusa, anaitunza kauli ile kama nguo ya mteja, safi na imekunjwa, mpaka mwenyewe aje. Alitikisa kichwa kukubali, kisha akaona haitoshi.

"Sema, Mama," alisema. "Mwambie unayemtaka."

Mama akaweka sawa gauni lake. Mlango wa ukumbi ukafunguka, na mtu wa kwanza kutoka alikuwa yule mtahini, mkoba begani, anaelekea ngazini. Mama akamkatiza njia, akamsalimia kwa heshima, akamuuliza hali, kisha akainua kidevu.

"Samahani, mama. Yule pale, mwenye gauni la buluu, ni binti yangu wa kumzaa. Anatengeneza platini. Na platini yake ni nyekundu."

Mtahini aliyekuwa ameishika platini hiyo kwa mkono wake asubuhi ile alimtazama Mama, akamtazama Platini, akaushusha mkoba wake sakafuni.

"Ehe," alisema. "Nisimulie."